Uangavu wa Ziwa Unaamuliwa Uani Kwetu

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu samaki wa asili waliopotea Ziwa Victoria, mshtakiwa wa kwanza huwa sangara. Shtaka hilo lina ukweli wake, na nitalieleza. Lakini leo nasimamia hoja isiyosikika vya kutosha hapa Mwanza: aina za viumbe zilizobaki katika ghuba yetu zitapona au zitapotea kutegemea uangavu wa maji, na uangavu huo hauamuliwi ziwani. Unaamuliwa kwenye viwanja vya milimani, kwenye kingo za vijito vinavyokatiza mitaa, na kwenye bustani za nyumba zetu. Anayengoja maji yafike ziwani ndipo ayalinde amechelewa, kwa kuwa yanafika yakiwa yamebeba kila tulichoyatwisha njiani.

Tuanze na kilicho hatarini. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nusu yake hivi iko Tanzania. Pamoja na ukubwa huo, kina chake ni kifupi: wastani ni mita 40, na penye kina kirefu kabisa ni kiasi cha mita 80. Ndani ya maji hayo waliishi furu wa aina zaidi ya 500, karibu wote wasiopatikana kwingine popote duniani. Si wakubwa, wengi wanaenea kiganjani. Walikuwepo waliokula mwani, waliokula vifaranga vya samaki wenzao, waliokula dagaa, na wenye meno ya kusagia konokono, wakiwemo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, walioanza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977 wakishirikiana na wataalamu wetu, walikuta kila aina ina mahali pake, chakula chake na kina chake cha maji. Miaka ile ya 1970 furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa tabaka la chini.

Sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, kisha akaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana kuwa tishio. Katikati ya miaka ya 1980 akafumuka katika Ghuba ya Mwanza, na furu wa maji ya wazi wakaporomoka hadi chini ya asilimia moja. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilitoweka au zilipungua kiasi cha kutoonekana tena. Maumbile ya furu yaliwaponza. Sangara jike hutaga mayai kwa mamilioni, ilhali furu jike hutaga makumi tu, akayatamia kinywani hadi vifaranga wajitegemee. Mnyama anayezaa wachache na kuwalea kwa uangalifu hawezi kushindana na mlaji mkubwa aliyeletwa ghafla.

Hadithi hiyo inajulikana, na wengi huishia hapo. Lakini sangara hapendi kuwinda katikati ya miamba. Kando ya mawe makubwa ya Mwanza, chini ya maji, walibaki furu ambao Wasukuma huwaita mbipi. Hawa walikuwa na ngome yao. Kama sangara angekuwa sababu pekee, mbipi wangekuwa salama hadi leo. Hawako salama, na kinachowapunguza hakina meno.

Chukua aina mbili zinazoishi kwenye miamba hiyo. Moja kitaalamu huitwa Pundamilia pundamilia: dume lake ni la buluu ya kijivu lenye mistari myeusi. Nyingine ni Pundamilia nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere: dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike wa aina hizi mbili wanafanana mno hata mtaalamu hupata taabu kuwatofautisha. Ukuta unaozitenganisha ni macho ya jike. Jike wa aina moja humchagua dume mwekundu, wa aina nyingine humchagua wa buluu. Maabarani, watafiti waliwawekea majike mwanga wa rangi ya machungwa peke yake, ambao unafuta tofauti ya madume hao. Uchaguzi wao ukapotea, wakampokea yeyote.

Ziwani kinatokea kilekile. Kwenye kisiwa cha Makobe, katika Ghuba ya Speke, maji ni maangavu: wa buluu wanakaa juu, wekundu wanakaa chini zaidi, na kila aina imejitenga. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye kisiwa cha Luanso, maji ni mazito kwa tope. Tope hunyonya kwanza mwanga wa buluu na kuacha ule mwekundu, na hata huo hauendi mbali. Hapo huwakuti wekundu halisi wala wa buluu halisi. Unakuta kundi moja la chotara wenye rangi iliyofifia. Ole Seehausen na wenzake walichapisha ushahidi wa kwanza wa jambo hili mwaka 1997, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba hata macho ya samaki hawa yamejengeka kwa namna tofauti kulingana na mwanga wa kina wanachoishi.

Ningependa msomaji alielewe vizuri jambo hili, maana ndilo kiini cha safu ya leo. Mahali kama Luanso hakuna samaki aliyekufa kwa sumu wala aliyemezwa. Wamezaliwa, wamekua, wamezaana. Chotara hao si tasa. Watoto wao nao huzaa. Mvuvi akitupa wavu atapata furu. Lakini aina mbili zimekuwa moja, na kazi mbili zilizokuwa zikifanywa ziwani sasa inafanywa moja, tena nusunusu. Maji yaliyopoteza uangavu yanaweza kumaliza aina za samaki bila kuua samaki hata mmoja. Ndiyo maana hasara hii haina kilio, haina mizoga ufukweni, wala haimleti mwandishi wa habari.

Sasa, uangavu unapotea vipi? Kwa njia mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni udongo. Mwanza ni mji wa milima na mawe, na watu wamejenga hadi juu kabisa. Zamani maji ya mvua yalishuka polepole kupitia vichaka, nyasi na mizizi ya mikuyu iliyojibana kati ya mawe. Leo yanadondoka kutoka kwenye bati, yanapiga ardhi iliyo wazi, yanateremka kwa kasi. Simama kwenye daraja la Mto Mirongo pale Mabatini siku ya mvua za kwanza za vuli: kwa dakika chache utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita na chupa, mifuko, mabaki ya sokoni na mchanga wa viwanja. Mto huo unakatiza katikati ya jiji na kumwaga vyote ziwani. Udongo mzito unatua karibu na mdomo wa mto na kufunika mawe wanayotegemea mbipi kwa chakula na mazalia. Ule mwepesi unabaki ukielea siku nyingi.

Njia ya pili ni rutuba. Naitrojeni na fosforasi, zilezile tunazozitaka shambani, zikifika ziwani hulisha mwani. Mwani ukizidi, maji huwa ya kijani, mwanga hauendi chini, na mwani unapokufa na kuoza hula oksijeni ya tabaka la chini. Miaka ya 1920, mtafiti aliyeshusha sahani nyeupe ziwani aliweza kuiona hadi mita saba hivi chini ya maji. Kufikia miaka ya 1990, sehemu nyingi za pwani sahani kama hiyo ilipotea machoni kabla ya kufika mita mbili. Mabadiliko hayo hayahitaji tafsiri ndefu. Chumba kilichokuwa na madirisha kimezibwa, na wakazi wake walikuwa wakitambuana kwa rangi.

Rutuba hiyo inatoka wapi? Wengi watajibu: viwandani na kwenye vyoo. Ni kweli kwa sehemu, hasa hapa mjini ambako nyumba nyingi za milimani hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka na vyoo vyake huvuja au hufurika wakati wa masika. Lakini utafiti uliofanywa upande wa Tanzania ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka angani: vumbi la mashamba yaliyo wazi na majivu ya moto, vikibebwa na upepo na kushushwa na mvua. Kila shamba linalochomwa ili kulisafisha, kila rundo la majani linalowashwa moto uani jioni, linatuma mbolea ziwani bila hata kupita mtoni. Hapa ndipo bustani na ziwa vinapokutana kwa njia ambayo wengi wetu hatukuiwazia.

Gugu maji linathibitisha hoja hiyo. Mmea huu wa Amerika ya Kusini ulisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake; ulianza safari yake kama pambo la bustani na bwawa la nyumbani. Uliingia Ziwa Victoria kupitia Mto Kagera, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa umeziba ghuba na mialo. Katika muongo huohuo waliletwa mbawakavu wa aina mbili wanaokula gugu hilo peke yake, wakazalishwa na kuachiwa ziwani, na kazi yao ilionekana. Hata hivyo gugu linarudi kila mara karibu na midomo ya mito na maeneo ya miji, kwa sababu tunalilisha. Mbawakavu wanakula majani huku sisi tunatia mbolea kwenye mizizi. Sasa kuna gugu jingine, salvinia, nalo pia mmea wa mapambo wenye asili ya Brazili, lililofika katika maji yetu. Tukilipokea kama tulivyolipokea lile la kwanza, kwa majembe na makasia tu, tutashindwa vilevile.

Mito nayo ina viumbe wake, nao husahaulika haraka kuliko wa ziwani. Ningu, samaki aliyekuwa sifa ya kila mdomo wa mto ukanda huu, hupanda mito mvua zinapoanza ili kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, hasa kwa sababu nyavu za makila ziliwekwa midomoni mwa mito wakati ule ule samaki wenye mayai wakipanda. Leo, mto kama Simiyu unaoshuka kutoka nchi ya pamba na mifugo kuelekea Ghuba ya Speke unapungua haraka kiangazi na kufurika ghafla masika, kwa kuwa ardhi ya juu haihifadhi tena maji. Ningu, nembe na kuyu wanahitaji mto unaopanda na kushuka kwa taratibu. Mafuriko ya siku mbili yanayofuatwa na mchanga mkavu hayawapi muda wa kuangua.

Penye mto kukutana na ziwa pana mafunjo na matete. Humo vifaranga hujificha, kamongo na kambale huishi, na maji yanayopita hupunguzwa kasi, udongo ukatua, mizizi ikanyonya rutuba. Ni chujio lisilohitaji umeme wala vipuri. Ngege, sato wa asili wa ziwa hili aliyezidiwa na sato wa kigeni aliyepandikizwa miaka ya 1950, amesalia katika maziwa madogo ya pembeni yaliyokingwa na mafunjo. Mfano unaojulikana zaidi ni Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala nchini Kenya. Kinga hiyo ndiyo tunayoifyeka tunapotaka shamba la mpunga, bustani ya mchicha au kiwanja chenye mandhari ya ziwa.

Dhana zinazotupotosha

Ya kwanza husema: furu wamerudi, kwa hiyo tatizo limekwisha. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990, sangara alipovuliwa kwa wingi, furu wameongezeka tena. Lakini kilichorudi ni idadi ya samaki. Aina zilizopotea hazikurudi, na baadhi ya waliorudi ni chotara. Anayepima afya ya ziwa kwa ndoo za furu pale mwaloni anapima kitu kingine kabisa.

Ya pili ni kwamba kila kijani ni uhifadhi. Tunapanda miashoki iliyonyooka kando ya ukuta, tunatandika nyasi za kupunguzwa, tunaweka ua la lantana, kisha tunasema tumetunza mazingira. Sina ugomvi na mtu kupenda bustani nadhifu. Lakini mwashoki hauna kitu cha kumpa ndege chozi wala nyuki wa asili kinachofanana na kile kinachotolewa na mshubiri unaotoa maua mekundu juu ya jiwe wakati wa kiangazi. Lantana nayo iliingizwa kutoka Amerika ya kitropiki kama ua la uzio, na leo imevamia vichaka vya pwani ikizisonga mbegu za miti ya kwetu. Mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi inakunywa maji yenyewe. Upandaji miti usiouliza ni mti gani na unapandwa wapi unaweza kupunguza uhai badala ya kuuongeza.

Ya tatu ni kwamba majani na matete ni pori la nyoka na mbu, na kwamba ua safi ni ule uliofagiliwa hadi udongo ukang'aa. Hili ni la malezi, nami nimelelewa nalo. Hofu ya nyoka si upuuzi; mama mwenye watoto wadogo ana haki ya kutaka kuona mlango wake vizuri. Lakini ua mzima uliofagiliwa kila asubuhi, kwenye mteremko wa Igogo au Mabatini, ndio unaotoa ule udongo tunaouona darajani. Inatosha kufagia ukanda wa kuzunguka nyumba na njia ya kupita, na kuacha sehemu ya chini ya kiwanja ishike majani. Kuhusu mbu, wengi wa mjini huzaliana kwenye mitaro iliyoziba, matairi na makopo yenye maji, kabla hata hujafika kwenye mafunjo.

Ya nne husikika kwa watu wenye nia njema: wananchi wanahitaji chakula na makazi, si samaki wadogo wa rangi rangi. Jibu langu ni kwamba vitu hivi havitengani. Tope lilelile linalochanganya mbipi ndilo linaloongeza gharama ya kusafisha maji tunayokunywa. Konokono waliokuwa wakiliwa na furu ndio wanaoishi ufukweni watoto wanapochota maji. Mafunjo yaliyofyekwa ndiyo yaliyokuwa malezi ya samaki wa kuuza. Na ziwa lilipopanda mwaka 2020, kisha likapanda tena hadi kiwango cha rekodi mwaka 2024, walioingiliwa na maji majumbani ni waliojenga pale ambapo sheria ilikwisha kusema pasijengwe.

Tufanye nini

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tatizo ni kwamba tumeifanya kuwa sheria ya kubomoa tu. Kipande cha ardhi kikishaachwa wazi bila mwenyewe, kesho kuna gereji, keshokutwa kuna dampo. Napendekeza mita 60 zigeuzwe kuwa shamba la umma lenye mlinzi: mafunjo na matete majini, mikuyu na migunga ukingoni, kisha majani ya tembo ambayo wafugaji wa mtaa wanaruhusiwa kuyakata kwa zamu kulisha ng'ombe. Mtu akipata faida kwenye ukingo, atauchunga.

Na hili si jambo geni kwetu. Wasukuma wana ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa ili ipumzike na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulipoacha kuwahubiria watu miche ya kigeni na kurudi kwenye ngitili, ukisimamiwa na vikao vya jadi vya dagashida na sheria ndogo za vijiji, zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na ndege, wanyama wadogo na dawa za miti vikarudi navyo. Mkoa uliosemwa kuwa unageuka jangwa ulifufuliwa kwa elimu ya wenyeji. Kinachofanya kazi Shinyanga kinaweza kufanya kazi kando ya Simiyu na hata kando ya Mirongo, kwa kiwango cha mtaa: ngitili ya kijito, yenye mipaka inayojulikana, kamati inayochaguliwa na faini inayolipwa kweli.

Kwa mwenye nyumba kwenye mteremko, kazi ni nne. Avune maji ya paa kwa tenki au pipa, ili yasichimbe kiwanja. Apange mawe kukingama na mteremko, kwani mawe Mwanza hatuna uhaba nayo, na nyuma ya kila mstari apande mchaichai au majani ya tembo yashike udongo. Majani na maganda ya jikoni yaende kwenye shimo la mboji badala ya kuwashwa moto. Na apande angalau mmea mmoja wa asili unaolingana na nafasi aliyonayo: mshubiri kwa kiwanja kidogo chenye jiwe, mkwaju kwa penye nafasi, mkuyu mbali na msingi wa nyumba. Mawe yenyewe tusiyapasue yote kuwa kokoto. Juu yake anaishi mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, ambaye jina lake la kitaalamu, Agama mwanzae, limebeba jina la mji huu. Anakula sisimizi na wadudu bila kulipwa, na hana makao mengine zaidi ya nyufa za mawe hayo.

Wenye vitalu vya miche kando ya barabara ni wadau wakubwa kuliko wanavyodhani. Wao ndio wanaoamua mji utapanda nini miaka ishirini ijayo. Halmashauri za Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zinaweza kuwaagiza, kwa bei nzuri, miche ya asili kwa ajili ya shule na ofisi za umma. Soko likionekana, watapanda wenyewe. Na mmea wowote wa majini wa mapambo usiuzwe mji huu. Tumeshalipa gharama ya ua moja zuri kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ziwani kwenyewe, naomba mambo mawili kwa mamlaka za uvuvi na kwa watafiti wetu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Kwanza, miamba michache yenye maji maangavu, kama ya Makobe, itengwe na kulindwa kwa jina, jinsi tulivyoilinda nchi kavu ya visiwa vya Saanane na Rubondo. Pili, vizimba vya kufugia samaki, ambavyo nakubali vinaleta ajira, visiwekwe kwenye ghuba zilizojifunga wala karibu na miamba hiyo. Chakula kinachozidi na kinyesi cha samaki ni rutuba ileile ninayoilalamikia, na mahali penye mkondo mzuri wa maji panavumilia zaidi.

Mwisho, tupime. Kifuniko cha ndoo ya rangi, kipakwe robo nyeupe na robo nyeusi kwa kupishana, kitobolewe katikati, kifungwe jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita kumi. Mwanafunzi akikishusha kutoka kwenye mtumbwi saa sita mchana, upande wenye kivuli, akahesabu mafundo hadi kifuniko kipotee machoni, amepima uangavu wa ziwa kwa njia ileile wanayotumia wataalamu. Shule za sekondari za kando ya ghuba zikifanya hivyo kila mwezi na kubandika matokeo kwenye ubao wa mtaa na wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, tutajua kama kingo tunazopanda zinafaa kitu au tunajidanganya. Kwa sasa kila mtu ana maoni kuhusu ziwa, na wachache wana vipimo.

Sangara hatutamtoa ziwani, na aina zilizokwisha hatutazirudisha. Mbipi wa Makobe wangali wekundu na wa buluu, ningu wangali wakipanda pale mto unapowaruhusu, na mvua za vuli zitanyesha mwaka huu kama kawaida. Ndugu msomaji, kabla hazijaanza, panga mstari mmoja wa mawe chini ya kiwanja chako na upande kitu nyuma yake. Jirani yako naye muombe afanye hivyo.